"Madam, Tunarudishaje?"

Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea besi kwenye asidi, wa kulia unazungusha flaski, kama alivyoelekezwa. Rangi ya pinki ilikuwa inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Mwenzake wa meza ya jirani akamwita. Akageuka mara moja tu, na alipoangalia tena, flaski nzima ilikuwa pinki iliyokolea. Akafunga koki haraka, akainua uso.

"Madam, tunarudishaje?"

Ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, makini, asiye na mzaha kwenye kazi. Alikuwa anataka jibu. Nikamwambia hairudi: andika usomaji huo kama wa majaribio, mwaga, suuza flaski, anza tena. Akaandika, akamwaga, akaanza tena, na safari ya pili aliipata rangi ile hafifu kabisa inayotakiwa.

Kwake swali liliishia hapo. Mimi ndiye niliyeondoka nalo.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipeleka kwenye kikao cha idara, nimelirudisha nyumbani. Naliandika leo kwa sababu najua kuna walimu wenzangu wa kemia wanaovuka daraja hilihili, kutoka ubaoni kwenda kwenye projekta, na sidhani kama tumelizungumza vya kutosha.

## Kitufe cha rangi ya chungwa

Najua swali lake lilitoka wapi. Kabla ya praktiko hiyo, darasa lake lilikuwa limefanya kazi na simulesheni (jaribio la kuigizwa kwenye kompyuta) ya asidi na besi ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja tu baada ya kushinda Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Waliosoma blogu hii siku nyingi wanazijua simulesheni hizo, sina haja ya kuzitangaza. Pembeni chini, upande wa kulia, kuna kitufe cha rangi ya chungwa chenye mshale uliojikunja. Ukikibonyeza, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Nakipenda kitufe hicho, na nina sababu.

Kwenye maabara zetu mtoto anaingia akiwa na hofu. Bureti ikivunjika, mzazi anaitwa. Kemikali ikimwagika, hakuna nyingine mpaka muhula ujao. Kwa hiyo katika kundi la wanafunzi sita au zaidi, mmoja mwenye ujasiri ndiye anayeshika vyombo, mwingine anaandika, waliobaki wanasimama nyuma na kunakili. Unaweza kufika Kidato cha Nne hujawahi kufungua koki kwa mkono wako mwenyewe.

Kwenye kompyuta sijaona hofu hiyo. Nimemwona mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole darasani akivuta kipimo cha ukali wa asidi huku na huku, anasogeza karatasi ya pH inayopima uasidi, anachomeka waya za taa, anabonyeza chungwa, anaanza upya. Hakuna aliyemkaripia. Alikuwa anafanya jambo ambalo maabara ilimnyima: kujaribu kitu asichokuwa na uhakika nacho.

Lakini taitresheni, kazi ile ya bureti na flaski, inadai nidhamu ya aina nyingine kabisa. Tone moja la bureti ni kama 0.05 cm³, na karibu na mwisho, tone hilo moja ndilo linaloamua. Mkono unajifunza kupunguza kasi kabla jicho halijaona sababu ya kupunguza. Unajifunza kugeuza koki robo, kisha robo ya robo, kuacha tone lining'inie kwenye ncha na kuligusisha ukuta wa flaski. Hayo hakuna anayeyajua kwa kusoma, na kwenye skrini hayahitajiki.

Kemia yenyewe ina namna yake ya kurudi nyuma. Besi ikizidi, unaweza kuongeza asidi ya ujazo na ukolezi (wingi wa asidi ndani ya maji) unaoujua, ukahesabu kiasi kilichozidi. Ni mbinu halali kabisa na wanafunzi wa Kidato cha Tano na Sita wanaijua. Ila haifuti kilichotokea. Kila ulichomimina kinabaki ndani ya flaski na ndani ya hesabu.

## Kikao cha idara

Siku chache baadaye tulikaa kupanga mahitaji ya muhula. Orodha yangu ilikuwa ya kawaida: asidi, sodiamu haidroksaidi, thayosalfeti, nitrati ya fedha kidogo, bureti za kuongezea. Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri ambaye namheshimu, akauliza swali ambalo nafikiri wengi walikuwa nalo moyoni.

Kwa nini tuendelee kununua vitu vinavyoisha, wakati simulesheni ni bure na haiishi?

Akaendelea. Televisheni moja kubwa ya ukutani itahudumia darasa zima kwa miaka. Nitrati ya fedha ni ghali na tunaitumia kwa matone ili tuone mashapo meupe ya kloraidi, ambayo video inayaonyesha vizuri zaidi kuliko mtoto wa mstari wa nyuma anavyoyaona. Hakuna atakayeungua. Hakuna kuhangaika na maji ya kusuuzia yanapokatika.

Hoja zake zilikuwa nzito na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Kuhusu usalama nakubaliana naye moja kwa moja: sodiamu kwenye maji, gesi ya klorini, hayo siyafanyi mbele ya watoto wengi waliobanana, na video inatosha. Kwenye mengine nilimwambia tu kwamba mtihani wa taifa una karatasi ya praktiko. Kikao kikatulia, orodha ikapita.

Jibu langu lilishinda kikao, ila halikuniridhisha. Mtihani ukibadilishwa kesho, je, nitakuwa sina cha kutetea?

## Alama ya X inapopotea

Nilianza kutafuta jibu kwenye praktiko tunayoifanya karibu kila mwaka. Unachora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unamimina thayosalfeti, unaongeza asidi haidrokloriki na kuwasha saa. Sulfuri inaanza kujitenga, maji yanakuwa meupe yenye unjano, harufu ya dioksidi ya sulfuri inakuja na madirisha yote yanafunguliwa. Mara X haionekani tena. Unasimamisha saa. Unapunguza ukolezi kwa maji, unarudia, unachora grafu.

Wanafunzi wangu wanaiweza. Grafu zao ni nzuri. Halafu unauliza: kwa nini ulipopunguza ukolezi ilichukua muda mrefu? Wanajibu, "Kwa sababu ukolezi ukipungua kasi inapungua." Unauliza tena kwa nini. Kimya, au sentensi ileile imepinduliwa.

Wamekiona kitu kwa macho yao, wamekinusa, wamekipima. Hawana picha ya kinachotokea mle ndani.

Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliandika kuhusu kinachofanya sayansi iwe ngumu kujifunza, na akaeleza kwamba kemia inafundishwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: kile kinachoonekana na kushikika, chembe zisizoonekana, na alama tunazoandika. Mwalimu aliyezoea anaruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine ndani ya sentensi moja bila hata kujua ameruka. Mtoto anabaki ngazi aliyoachwa.

Niliposoma hayo nilifikiria ubao wangu. Nasema "asidi hii", nikionyesha chupa. Nasema "inatoa ioni", nikiongelea chembe yenye chaji ya umeme ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Naandika H⁺, alama ya ioni ya haidrojeni. Yote hayo kabla sijashusha mkono wenye chaki.

Ngazi ya katikati, ile ya chembe, ndiyo ubao unaishindwa. Chembe zinatembea, mchoro wa chaki haujongei. Hapo ndipo kompyuta inapostahili mahali pake, na hapo haina mshindani. Ukimwonyesha mtoto sanduku lenye chembe nyingi zikigongana na sanduku lenye chembe chache zikipishana, ule mzunguko wa "ukolezi ukipungua kasi inapungua" unakatika wenyewe. Anaanza kusema kuhusu migongano.

## "Oksijeni ni nyekundu?"

Lakini kila picha inakuja na mzigo wake.

Niliwahi kuulizwa kama oksijeni ni nyekundu. Swali zuri, kwa sababu kila simulesheni na kila kitabu kinaichora nyekundu. Haidrojeni nyeupe, kaboni nyeusi, naitrojeni ya bluu, klorini ya kijani. Rangi hizo ni za zamani kuliko kompyuta yoyote: mwaka 1865 mkemia August Wilhelm Hofmann, akihutubia Royal Institution ya London, alitumia mipira ya mchezo wa kroketi iliyopakwa rangi ili watu waone jinsi atomu zinavyoungana. Wanasayansi wa karne ya 20 wakaendeleza utaratibu huo, na sasa tumeurithi sisi na projekta zetu.

Nilipowasimulia habari ya mipira ile, darasa lilichangamka kuliko nilivyotarajia. Walipenda kujua kwamba kuna mtu aliyeketi akachagua. Na kama mtu alichagua rangi, alichagua na mengine. Tukaanza kuorodhesha: simulesheni imechagua kutoonyesha molekuli za maji mpaka uombe. Imechagua kuonyesha chembe chache, wakati tone moja tu la maji lina molekuli zaidi ya trilioni bilioni moja, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 21. Imechagua mwendo wa polepole ili macho yetu yaweze kufuata.

Tangu siku hiyo kila simulesheni inaanza na swali hilo kwanza: aliyetengeneza hii ameficha nini? Watoto wanalipenda mno. Wengine wameanza kulielekeza kwenye kitabu cha kiada, na mimi nafurahi sana.

## Ujazo uleule

Jibu la kikao lilikuja kwenye somo la asidi kali na asidi dhaifu.

Niliwauliza kwanza wabashiri. Tuna asidi haidrokloriki ya 0.1 M (M ni kipimo cha ukolezi) na asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, nayo 0.1 M. Tunachukua 25 cm³ ya kila moja, tunaongeza sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M mpaka POP, dawa ile inayogeuka pinki besi ikizidi, ibadilike. Ipi itahitaji besi nyingi zaidi?

Karibu mikono yote ilisema haidrokloriki. Ni kali, kwa hiyo inahitaji besi nyingi kuizima. Ile ya siki ni dhaifu, besi kidogo itatosha. Akili yote inakubali, na mimi sikusema neno.

Kabla ya bureti, tulichukua taa ndogo ya LED, betri, na vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri chakavu. Kwenye haidrokloriki taa iliwaka vizuri. Kwenye ethanoiki iliwaka kwa unyonge, mpaka tukaziba mwanga wa dirisha. Ubashiri wao ukapata nguvu zaidi: umeona, ni dhaifu kweli.

Kisha bureti.

Haidrokloriki ikahitaji besi karibu 25 cm³. Ethanoiki nayo, karibu 25 cm³. Kundi la kwanza lilidhani limekosea na kurudia. Kundi la pili likaenda kuchungulia la tatu. Binti yule wa swali la kurudisha alikuwa na usomaji unaopishana kwa 0.1 cm³ tu, na alikuwa anaukagua mara kwa mara kama mtu aliyehesabiwa chenji asiyoielewa. Mmoja akasema chupa zimebadilishwa vibandiko. Hapo nikajua wamelipata tatizo kwa uzito wake, kwa sababu walikuwa tayari kumshuku mwalimu kabla ya kuishuku mikono yao.

Ndipo nikawasha projekta.

Asidi kali: chembe zote zimeachana, ioni zimejaa. Asidi dhaifu ya ukolezi uleule: molekuli zimeshikamana zenyewe, ioni hapa moja, pale moja. Kwenye ethanoiki ya 0.1 M ni kama molekuli 1 tu katika kila 100 ndiyo imeachia ioni yake ya haidrojeni. Taa hafifu ikaelezeka papo hapo. Lakini ujazo uleule?

Sikueleza. Niliacha picha ikae pale ukutani. Minong'ono ikaanza kwenye meza za nyuma, halafu kijana mmoja akasema kwa sauti:

"Madam, kumbe inatoa kwa awamu."

Besi inazichukua zile ioni chache zilizopo. Zikishachukuliwa, molekuli nyingine zinaachia za kwao. Zikichukuliwa, nyingine tena. Mpaka akiba yote iishe. Udhaifu wa asidi ni namna inavyoachia. Kiasi ilichonacho ni kilekile. Alisema kwa maneno yake, kwa Kiswahili, na nusu ya darasa ikamalizia sentensi naye. Kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani tulikuja kuihangaikia baadaye, na haikuwa ngumu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limeshaingia.

Nimefundisha mada hii miaka mingi na sikuwahi kusikia mwanafunzi akiifikia mwenyewe hivyo.

Na hapa ndipo nilipopata cha kumjibu mwenzangu. Kama ningeanza na projekta, picha ile ingekuwa picha nzuri. Wangeinakili, wangeipigia tiki. Isingekuwa jibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na swali. Swali lilitoka kwenye bureti, pale mkono wako mwenyewe unapokuletea namba ambayo akili yako ilikuwa imeikataa. Na kama tungebaki na bureti peke yake, wangeondoka na namba mbili zinazofanana na wasijue kwa nini, kama wanafunzi wangu wengi wa miaka ya nyuma.

Simulesheni inakupa unachokiweka. Ukivuta kipimo kwenye udhaifu, itakuonyesha udhaifu kama ilivyopangwa. Haiwezi kukushangaza zaidi ya alivyokusudia aliyeitengeneza. Flaski haina mpango wowote na wewe.

## Umeme, bando na vishikwambi

Kwa wanaouliza tunafanyaje na vifaa tulivyonavyo: simu kwa wanafunzi haziruhusiwi shuleni, na chumba cha kompyuta kina foleni ya masomo mengine. Kinachotusaidia ni faili. Simulesheni nyingi za PhET unazipakua zikiwa faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Naliweka kwenye flashi, nalisambaza, sihitaji tena bando. Vile vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilivyokuja kugawiwa walimu vimenifaa sana hapa. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kishikwambi chenye chaji kinazungushwa meza hadi meza na somo linaendelea.

Video za praktiko nazitumia kidogo, zaidi kwa yale ya hatari. Programu za akili mnemba wanazikuta likizo kwenye simu za nyumbani, na wanarudi na majibu yaliyonyooka mno. Sijagombana nazo. Nimebadilisha tu maswali: eleza usomaji wa kundi lako, kwa nini wa pili umepishana na wa kwanza. Programu haikuwepo pale mezani.

## Shule isiyo na maabara

Hili bado linanisumbua.

Kuna shule ambazo chumba cha maabara kimejengwa na hakina maji wala meza, na nyingine hazina hata chumba. Nikisema bureti kwanza, mwalimu wa huko ataniambia ni rahisi kwangu kusema. Ana haki. Kwake simulesheni ndiyo mlango pekee uliopo, na singethubutu kumwambia aufunge.

Ila naogopa mlango huo usije ukageuzwa sababu ya kutojenga. Kwamba mtu mwenye kalamu ya bajeti aone watoto wanabonyeza asidi kwenye kishikwambi, aseme shule hii tayari ina maabara. Watoto wa shule chache watashika bureti, wa shule nyingi watashika picha ya bureti, na mtihani wa praktiko utawapambanisha siku moja.

Wakati tunapigania maabara, kuna vitu vinavyoleta mshangao bila duka la kemikali. Maua makavu ya rozela yakichemshwa yanatoa maji mekundu ambayo ukitia limau yanazidi kuwa mekundu, ukitia magadi yanakwenda kwenye kijani. Simulesheni ya pH ina orodha ya vimiminika vyake, kahawa, maziwa, hata supu ya kuku. Magadi hayamo. Mpe mtoto rozela na magadi kwanza, abishane na jirani yake kuhusu rangi, aje na ubishi huo kwenye kishikwambi atafute magadi yangekaa wapi kwenye kipimo. Na taa ile ya LED na vijiti vya betri chakavu inagharimu kidogo sana, siki inauzwa dukani.

Muhula ujao naingia elektrolisisi (kutenganisha kwa umeme) ya salfeti ya shaba. Shaba kwenye kathodi, kijiti cha upande hasi, wataiona, rangi ya bluu ikififia wataiona, ila ioni zinazosafiri nataka waje wazione baada ya kubishana kwanza kuhusu bluu imekwenda wapi. Bado sijapata simulesheni ya mada hiyo inayonipendeza. Kama unayo, ya faili moja linalofunguka kwenye kishikwambi bila bando, niwekee kwenye maoni hapo chini, na uniambie darasa lako lilibashiri nini kabla hujaiwasha.